Gari Lililokataa Kuwaka

Stata ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka tena, lakini injini haikushika.

“Basi,” alisema Inspekta. “Toa ufunguo.”

Fundi aliuchomoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mwiba, akautumbukiza ndani ya mfuko wa plastiki ambao Inspekta aliunyoosha kupitia dirishani. Kila walipojaribu ilikuwa hivyohivyo: ufunguo unatoka kwenye plastiki, unaingia kwenye swichi, stata inapigwa, ufunguo unarudi kwenye plastiki. Ulikuwa kielelezo cha kesi, na Inspekta, mwanamke mwangalifu, hakupenda vielelezo vyake vizagae. Pingu ilining'inia kwenye mkono wa kushoto wa fundi. Mkono wa kulia ulikuwa umefunguliwa apate kufanya kazi, nao ulitetemeka.

“Sasa anatetemeka,” alisema Dereva wa kituo, mgongo wake ukiwa ukutani kwenye kivuli chembamba. “Siku ile anachomeka waya kwenye gari la watu, mkono ulikuwa umetulia kama wa daktari.”

“Mwache.”

“Nimemwacha, afande. Nasema tu.”

Walikuwa nyuma ya maghala ya dawa, kwenye njia ya malori. Upande mmoja ulikwenda ukuta wa maghala na milango yake ya chuma iliyofungwa; upande wa pili, ukuta wa matofali uliopandwa vipande vya chupa juu. Ilikuwa siku ya mapumziko. Hapakuwa na kuli wala lori. Jua lilikuwa kali, lakini mahali penyewe palikuwa kimya kiasi kwamba karatasi ikiburutwa na upepo, mtu anageuka kutazama nani anakuja.

Gari lilikuwa la Mkemia wa maghala hayo, mwanamke aliyepima dawa kabla hazijapelekwa hospitali. Jana jioni alifunga maabara yake, akaagana na mlinzi, na nyumbani hakufika. Asubuhi mlinzi alilikuta gari hapa nyuma, milango haijafungwa, mkoba uko kwenye kiti, ufunguo unaning'inia kwenye swichi. Simu haikuwepo. Mwenyewe hakuwepo. Na gari, ukilipiga stata, lilizunguka vizuri tu lakini haliwaki.

Kituoni, Mkuu alikuwa ameshakata kauli. Gari lilikuwa limetoka kwa fundi juzi. Fundi huyo, ambaye mji mzima ulimwita Laptopu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na spana, alikuwa ameituni injini yake kwa kompyuta ili ipunguze kula mafuta. Jana jioni alimpigia Mkemia simu. Na kulikuwa na ujumbe. Mkuu alimwambia Inspekta aende na huyo fundi, akahakikishe gari lilichezewa vipi, kisha arudi waandike mashtaka. Lakini Inspekta hakuwa na haja ya mashtaka. Alikuwa na haja ya mwanamke aliye hai, na kila saa iliyopita ilikuwa inampunguzia uhai mwanamke huyo.

“Nisomee tena huo ujumbe,” alimwambia mtu wa nne.

Mtu wa nne alikuwa mtunza stoo wa maghala, mdogo wa mume wa Mkemia. Aliishi nao nyumba moja. Alikuwa pande la mtu, mpole wa sauti, mwenye shada la funguo kiunoni na mtaimbo mfupi mkononi, ule wa kufungulia makasha. Wenzake walimwita Bwana Stoo. Tangu asubuhi alikuwa amewafungulia mageti, amewaletea maji, amewatafutia hata kigoda. Aliiweka simu mbali kidogo na macho, akasoma.

“‘Shemeji, gari limekataa kuwaka tangu fundi alichezee. Amesema anakuja kunichukua.’ Basi. Baada ya hapo simu yake ikazimwa.” Aliirudisha simu mfukoni. “Ningejua ningetoka mbio, afande. Nilikuwa palepale nyumbani nimekaa na chakula chake.”

“Mimi sikumwambia nakuja kumchukua,” alisema Fundi kutoka ndani ya gari. “Nilimpigia kumuuliza linakwendaje. Akasema linakwenda kama maji. Haya ndiyo maneno yake. Kama maji.”

“Sasa maji yamekauka,” alisema Dereva.

Ndipo taa za gari zikawaka.

Zilipepesa mara mbili, za mbele na za nyuma, na vifungio vya milango vikashuka vyote kwa pamoja: tka. Vikapanda: tka. Kisha kimya.

Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Ufunguo ulikuwa kwenye plastiki, mkononi mwa Inspekta. Fundi alikuwa ameinua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki, pingu ikimgonga sikioni.

“Jina la Mungu,” alinong'ona.

Dereva aliachana na ukuta. “Afande, hili gari lina mtu wake.”

“Lina umeme ulioharibiwa,” alisema Bwana Stoo. Alikuwa amepiga hatua nyuma. “Mnaona wenyewe? Jamaa kavuruga mpaka milango.”

Inspekta alimkazia Fundi macho. “Ni kazi yako hiyo?”

“Mimi nimegusa injini tu, mama. Milango ina boksi lake jingine, sikulifungua hata.”

“Mwanzo hadi mwisho, basi. Polepole. Gari linalozunguka lisiwake linaumwa nini?”

Fundi akashusha mikono. Alipoulizwa kazi yake, sauti ilimrudia kidogo. Ama halipati mafuta, alisema, ama halipati cheche, ama kompyuta yake haijui kama injini inazunguka. Haya matatu kwanza, mengine baadaye.

“Tuanze na mafuta. Wewe, sikio kwenye mdomo wa tangi.”

Dereva akainama nyuma ya gari, shingo upande, kofia mkononi. Fundi alipozungusha ufunguo nusu bila kupiga stata, Dereva akainua kidole. Pampu ilikuwa imenguruma mle ndani, ikanyamaza kama inavyotakiwa.

“Mafuta yapo.”

Walichomoa plagi moja, wakailaza juu ya chuma cha injini, Inspekta akachutama aione kwenye kivuli cha boneti. Dereva akaingia ndani, akapiga stata. Plagi ilikaa nyeusi na baridi, haikutoa hata chembe ya cheche.

“Na ule mshale wa mizunguko kwenye dashibodi,” aliuliza Fundi, “mliuangalia?”

“Ulipanda kidogo,” alisema Dereva, “ukatikisika.”

“Basi kompyuta inajua injini inazunguka.” Fundi alijifuta uso kwa bega. “Mafuta yapo. Mzunguko inauona. Waya zote nzima. Ila inazuia cheche yenyewe.”

“Inazuia vipi?”

“Kwa makusudi, mama. Gari hili haliumwi. Limekataa.”

“Kama mama mkwe wangu,” alisema Dereva. “Salamu anazisikia, kuitikia ndiyo hataki.” Lakini hakucheka, na alilitazama gari kwa kando.

Inspekta alikuwa anamwangalia Fundi. Macho ya Fundi yalikuwa yamenasa kwenye dashibodi.

“Umeona nini?”

“Hakuna.”

“Fundi.”

“Ile taa nyekundu. Yenye picha ya ufunguo. Inapepesa.” Aliionesha kwa kidole. “Ikipepesa hivyo, gari limesahau ufunguo wake. Na mimi ndiye niliyefuta kompyuta nikaiandika upya. Kama niliandika vibaya, basi nimemzimishia yule mama gari mahali kama hapa. Nimemuua.”

“Hakuna aliyesema amekufa,” alisema Inspekta.

Bwana Stoo alikohoa. “Mungu apishe mbali,” alisema.

Stata ilikuwa imeanza kuvuta pumzi. Betri ilikuwa inachoka. Inspekta alimtuma Dereva kituoni akalete betri nyingine na kamba ya kuvutia. Gari la polisi lilipopinda kona, ule ukimya ukarudi na kuwakalia mabegani. Sasa walikuwa watatu: yeye, mtu mwenye pingu, na mtu mwenye mtaimbo.

“Laptopu yako hii hapa,” Inspekta alimwambia Fundi, akimpa mkoba uliotoka stoo ya vielelezo. “Nioneshe kosa lako kwa macho yangu.”

Fundi alifunga mlango na kupandisha vioo ili jua lisimfutie maandishi. Inspekta alikaa kiti cha pembeni. Waya ukachomekwa chini ya usukani. Walipokuwa wakingoja mashine iamke, Inspekta alifungua mlango kidogo akamuuliza Bwana Stoo aliyesimama nje:

“Hivi gari hili lina funguo ngapi?”

“Mbili, afande. Mmoja huo aliokuwa nao shemeji. Wa pili yuko nao kaka.”

“Na kaka yuko wapi?”

“Yuko njiani na lori lake. Yule ni mtu wa masafa marefu, wiki mbili hizi hajatia mguu nyumbani.”

“Akasafiri na ufunguo wa gari asiloliendesha?”

Bwana Stoo alitabasamu. “Kaka yangu huyo. Ana mambo yake.”

Inspekta alifunga mlango. Alitoa simu, akamwandikia mume wa Mkemia maneno machache, akairudisha mfukoni. Pembeni yake Fundi alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Alimwacha amalize. Alipofumbua, kioo cha mashine kilikuwa kimejaa namba.

“Hii ndiyo niliyoiandika juzi,” alisema, akigusa safu ya kwanza. “Na hii ndiyo iliyomo ndani ya gari sasa hivi. Mashine inazilinganisha yenyewe.” Mstari mdogo wa kijani ukatambaa hadi mwisho wa kioo. Fundi akautazama, akautazama tena. Alitoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.

“Nini?”

“Ziko sawa. Herufi kwa herufi. Mama, sikukosea.”

“Basi kwa nini limesahau ufunguo?”

Fundi aligusa sehemu nyingine, akasoma, uso wake ukakunjamana. Alisoma tena. Alipozungumza, alishusha sauti bila kuambiwa.

“Halijasahau. Linajua ufunguo mmoja. Namba yake hii hapa, nimeiingiza mwenyewe.” Alinyoosha kidole kwenye ule mfuko wa plastiki, mapajani mwa Inspekta. “Ila siyo huo.”

Inspekta aliuinua ule mfuko kwenye mwanga.

“Kompyuta ukiifuta,” alisema Fundi, “funguo zote zinafutika. Lazima uzifundishe upya, na ufunguo usiokuwepo pale mezani unakufa. Ndani ya kila mmoja kuna chipu. Ndiyo maana mteja wangu yeyote namwambia alete zote. Mama huyu alikuja na mmoja. Nikamwambia, wa pili kuanzia leo utazungusha stata hadi betri ife, gari haliwaki. Akasema sawa, wa pili uko nyumbani, atauleta siku nyingine. Alielewa vizuri. Akatania hata, akasema afadhali, watu wamezoea kulichukua bila kuomba.”

“Na hizi funguo zinafanana?”

“Mapacha. Huu niliuona kwenye swichi nikajua ni ule wake. Nani asingejua hivyo?”

Inspekta aliugeuza ule mfuko polepole. Mkemia aliufahamu ufunguo uliokuwa hai. Ndio aliokuja nao kazini jana. Asingeweza kuchomeka uliokufa na kuanza kushangaa. Aliyechomeka huu alikuwa mtu mwingine, asiyejua habari za kufundisha funguo. Mtu huyo alitaka kuliondoa gari hapa, likamgomea. Ndipo akaacha ufunguo mahali pake, akaweka mkoba kwenye kiti, akachukua simu ya mwenyewe na kuandika kwamba gari limekataa kuwaka. Ujumbe ulisema kweli kabisa. Ulisema jambo ambalo ni aliyelipiga stata kwa ufunguo huu tu angelijua.

“Sikiliza,” alinong'ona. “Tukitoka humu, utasema programu imeharibika.”

Fundi alimtazama kwa mashaka. “Mama, mimi nina nadhiri. Sisemi uongo.”

“Hata kwa uhai wa mtu?”

“Naweza kunyamaza. Kunyamaza nitanyamaza vizuri sana.”

“Basi nyamaza na uinamishe kichwa. Nitasema mimi. Piga stata kidogo kwanza, asione tumekaa tunapiga soga.”

Fundi alichukua ufunguo, akapiga. Injini ilizunguka kwa uvivu. Akauchomoa, akaurudisha kwenye plastiki.

Tka.

Vifungio vikashuka. Taa zikapepesa. Walikuwa wamefungiwa. Fundi alikamata kitasa kwa mikono miwili, na sauti ndogo ikamtoka kooni, kama ya mtoto anayeota. Vifungio vikapanda. Vikashuka tena. Vikapanda.

“Tulia,” alisema Inspekta. “Rimoti ya ule ufunguo mwingine. Inafungua milango hata sasa?”

“Ndiyo. Hiyo haina habari na injini. Ila huu wa kwetu ukiwa kwenye swichi, haisikiki.”

“Na mtu anatakiwa awe wapi?”

“Hapahapa. Karibu. Mwendo wa kutupa jiwe, wala lisiwe kubwa.”

Wakatazamana. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya kupiga stata, ufunguo uliporudi kwenye plastiki. Sasa ni hivyohivyo. Walipokaa kimya, hakuna kilichotokea. Kulikuwa na mtu mahali karibu, aliyeifahamu sauti ya gari hili kama anavyofahamu sauti ya mtoto wake, na kila alipoisikia alibonyeza.

Simu ilitetema mfukoni mwa Inspekta. Mume wa Mkemia alikuwa amejibu: *Ufunguo wa pili unatundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mdogo wangu ndiye anautumia akipeleka gari kuoshwa. Kuna nini? Mmempata?*

Aliinua macho. Kupitia kioo cha mbele alimwona Bwana Stoo. Hakuwa analitazama gari. Alikuwa ameugeukia ukuta wa maghala, shingo imenyooka, kama mbwa aliyesikia mluzi. Kisha mkono wake ukashuka kiunoni na kuutenga ufunguo mmoja kutoka kwenye lile shada.

Inspekta alifungua mlango.

“Unakwenda wapi, kaka?”

“Stoo, afande. Nimekumbuka nimeacha dirisha wazi. Vumbi linaingia kwenye dawa.” Sauti ilikuwa ileile ya upole. Mtaimbo ulikuwa umehamia mkono wa kulia. “Dakika moja tu.”

Kumkamata hapo asingeweza. Mtu yule alikuwa mrefu kumshinda kwa kichwa kizima, na Dereva alikuwa bado njiani. Kumwacha aende ndiyo asingeweza kabisa.

“Dirisha litasubiri,” alisema, akijinyoosha mgongo kama mtu aliyechoka na siku. “Tumemaliza. Huyu bwana kaichafua kompyuta vibaya sana, ndiyo maana hata milango imeingiwa na wazimu. Muulize.”

Bwana Stoo alimtazama Fundi. Fundi aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, na chozi la kweli likamdondoka. Alikuwa anaogopa hasa, na hofu ile ilimsemea vizuri kuliko uongo.

“Dereva akirudi tunalivuta gari mpaka kituoni,” aliendelea Inspekta, “na wewe utakwenda zako kupumzika. Nina kitu kimoja tu cha kumalizia, na huyu mikono yake siiamini tena. Njoo ukae hapa, upige stata mara ya mwisho, mimi nisikilize injini. Niandike kwamba nimesikia kwa masikio yangu.”

Bwana Stoo alisita. Inspekta aliona jinsi anavyopima: dirisha, gari, kamba ya kuvutia, njia tupu baada ya hapo. Gari kuondoka hapa ndicho kitu alichokuwa anakililia tangu jana.

“Mara moja?”

“Mara moja.”

Fundi alishusha kioo cha mlango wake, akatoka, akapita mbele ya gari akishikilia laptopu kifuani. Inspekta akamshika mkono, akafungua pingu ya kushoto kwa sauti ya kukaripia: “Nenda kasimame ukutani, na usijaribu kukimbia.” Pingu ikabaki kiganjani mwake. Bwana Stoo aliulaza mtaimbo sakafuni mwa gari, akajipenyeza nyuma ya usukani. Magoti yake yaligusa dashibodi. Inspekta alimkabidhi ufunguo, naye akauchomeka bila kutafuta tundu.

“Shika usukani imara, gari linaweza kuruka likiwa kwenye gia,” alisema Inspekta, akiinama dirishani. “Huo mkono mwingine. Hapo.”

Aliposhika, chuma kilimfunga kifundo cha mkono, na chuma cha pili kikazunguka usukani. Yote hayo yalitokea kabla hajamaliza kuuzungusha ufunguo.

Kwanza hakuelewa. Kisha akavuta, na gari zima likayumba kwenye springi zake. Mkono wa bure ulichupa kuelekea dirishani, vidole vikakwaruza kola ya Inspekta. Inspekta akarudi nyuma, akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria upande wa pili, akauvuta mtaimbo kutoka sakafuni kabla mtu yule hajageuka.

“Yuko wapi?”

Bwana Stoo alipumua kwa mdomo. Upole ulikuwa umemtoka usoni, na kilichobaki hakikuwa na jina. “Nani?”

“Ulimfanya nini?”

“Aliambiwa aache kupekua lebo za dawa za watu. Aliambiwa na wakubwa, aliambiwa na mimi nikiwa shemeji yake.” Alitema mate dirishani. “Tafuteni. Milango ipo mingi. Na kule alipo, hewa yenyewe si ya kuvuta muda mrefu.”

Shada la funguo lilikuwa bado kiunoni mwake. Inspekta alipolifikia kutoka upande wa abiria, kwa mtaimbo alioutanguliza mbele ya uso wa mtu yule, aliona ule ufunguo aliokuwa ameutenga: mrefu, wenye kutu, umekaa peke yake kando ya wenzake. Lakini ulikuwa wa mlango upi?

“Piga stata,” alimwambia Fundi.

Fundi aliinama dirishani, mkono wake ukapita chini ya mkono wa Bwana Stoo uliofungwa, akazungusha. Injini ikaguna mara mbili. Akauchomoa ufunguo. Wakangoja.

Taa hazikuwaka.

Inspekta alizitazama taa. “Tena.”

Safari hii stata ilitoa mguno mmoja mrefu. Kimya. Vifungio havikucheza.

“Amechoka,” alisema Fundi. “Ama betri ya rimoti imechoka. Mungu wangu, iwe ni betri.”

“Usiombe sasa hivi, angalia ukuta. Mtu aliyefungiwa ndani alilisikia gari hili vizuri, na mawimbi ya rimoti yake yakalifikia. Ilibidi kuwe na tundu. Milango yote ni ya chuma, haina hata ufa. Tundu liko wapi?”

Waliangaza macho. Ukuta ulikuwa mzima, saruji tupu kuanzia kona hadi kona, isipokuwa mahali pamoja, juu kabisa, karibu na bomba la maji ya mvua. Hapo palikuwa na matofali yenye matundu, yamefungwa kwa gunia kutoka ndani. Pembe moja ya gunia ilikuwa imechomoka, ikining'inia nje.

Walikimbia. Mlango wa chumba kile ulikuwa kona ya pili, umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba dawa zilizokwisha muda zinasubiri kuteketezwa. Ufunguo mrefu uliingia, ukakwama. Fundi akauegemea kwa uzito wake wote, ukazunguka. Harufu iliwapiga usoni kwanza, kali, ya kuchoma macho. Chupa zilikuwa zimevunjwa sakafuni, maji yake yamekauka kuwa utando. Inspekta alijifunga kitambaa puani, akaingia akipanda juu ya makasha.

Mkemia alikuwa juu ya rundo la makasha chini ya yale matundu, ubavu umelala ukutani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa utepe wa gundi wa kufungia katoni. Mikono ilifungwa mgongoni. Alikuwa amelibana lile gunia kwa kidevu akalivuta kwa shingo yake mpaka pembe ikachomoka, na damu ilikuwa imekauka kwenye kola. Ndani ya ngumi ya mkono wa kulia kulikuwa na ufunguo. Kidole gumba kilikuwa bado juu ya kitufe, kinabonyeza, kinabonyeza, ingawa betri haikuwa na la kusema tena.

Macho yake yalikuwa wazi.

Walimfungua mikono, wakamtoa nje kwa kumbeba, wakamlaza kivulini. Fundi alilowesha shati lake kwa yale maji aliyoyaleta Bwana Stoo asubuhi, akamfuta uso polepole kama anafuta kioo cha simu. Kutoka barabarani ikasikika sauti ya gari la polisi likirudi. Inspekta alipoubandua ule utepe, Mkemia alikohoa kwa muda mrefu, akavuta hewa, akakohoa tena.

“Alinipekua,” alisema alipoweza. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. “Aliutafuta ufunguo kila mahali. Nilikuwa nimeuficha kwenye soksi. Nikamwambia nimeusahau ofisini, akaondoka. Akarudi na ule wa jikoni. Alitaka aninyanyue anitie kwenye buti.”

“Usiseme sasa, dada. Pumzika.”

“Alilipiga stata usiku mzima.” Alimshika Inspekta mkononi, na hakuwa na nguvu, lakini Inspekta hakuweza kuutoa mkono. “Nilikuwa namsikia. Kila alipolipiga nilikuwa nasema, ee Mungu, lisiwake. Mchana huu nikalisikia tena. Nikajua siyo yeye, yeye hajui kupumzisha stata. Nikabadilisha maombi.”